Mwanafunzi Asikilizaye na Kuuliza

Mahubiri ya Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka C



Leo Mama Kanisa anatualika kuitazama Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Katika Mwaka C tunasomewa Injili ya Luka, sura ya 2, aya ya 41 hadi ya 52. Habari yenyewe twaifahamu. Yesu ana umri wa miaka kumi na miwili. Amepanda kwenda Yerusalemu pamoja na wazazi wake kwa sikukuu ya Pasaka. Wakati wa kurudi, yeye anabaki nyuma. Wazazi wanadhani yumo katika msafara, kumbe hayumo. Wanamtafuta kwa uchungu, na baada ya siku tatu wanamwona hekaluni.

Mara nyingi tukiitafakari Injili hii tunasimama upande wa wazazi, tukiwaza hofu yao na machozi yao. Ni vema. Lakini leo tunawaomba mtazame kwa makini kile alichokuwa akikifanya mtoto yule alipoonekana. Mwinjili hasemi kwamba walimkuta akiwahubiria walimu wa Sheria. Anasema walimkuta ameketi katikati yao, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Ndipo watu wakastaajabia ufahamu wake na majibu yake. Mpangilio huo una maana: kwanza aliketi, kisha akasikiliza, kisha akauliza, na mwishoni akajibu. Mwana wa Mungu, ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa, alikubali kuwa mwanafunzi, na alikuwa mwanafunzi wa namna hiyo.

Tumechagua jambo hili kwa sababu siku chache zijazo shule zitafunguliwa. Huko Mbagala na Tandika, Yombo na Manzese, Tegeta na Bunju, wazazi wanahesabu fedha za sare, madaftari na viatu. Kuna watoto wanaoanza darasa la kwanza na kuna wanaoingia kidato cha kwanza. Tunawaandalia begi, tunawaandalia nauli ya daladala. Je, tumewaandalia masikio? Tumewafundisha namna ya kusikiliza?

Huenda mwingine akasema: kusikiliza si kitu cha kufundishwa, kila mwenye masikio husikia. Wahenga walisema sikio halilali na njaa, yaani kila siku litapata la kusikia, liwe la kweli au la uongo. Ndiyo maana Bwana wetu, alipokwisha kueleza mfano wa mpanzi katika Luka sura ya 8, aliwaonya wanafunzi wake waangalie jinsi wanavyosikia. Hakuwaambia wasikie tu. Aliwataka waangalie jinsi wanavyosikia, kwa maana mbegu ilikuwa moja, na tofauti ilitoka katika udongo.

Wapendwa, hebu tuingie darasani. Mwalimu anaeleza, anaandika ubaoni, kisha anawageukia wanafunzi na kuuliza: "Tumeelewana?" Darasa zima linaitika kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu anafuta ubao na kuendelea mbele. Lakini ndani ya "ndiyo" ile moja mna "hapana" nyingi. Yumo asiyeelewa, ila anaogopa kuchekwa. Yumo anayetaka kipindi kiishe. Yumo hata ambaye hajui kwamba hajaelewa, kwa sababu ameyanakili maneno yote vizuri katika daftari lake, na anadhani kunakili ndiko kuelewa. Hiyo ni "ndiyo" ya kwaya. Si "ndiyo" ya akili.

Hatusemi haya kuwalaumu walimu. Mzigo wao ni mzito. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, milango ilifunguliwa kwa watoto wengi wa maskini, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini katika vitongoji vinavyokua haraka kama vyetu, madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye umati wa watoto mbele yake hawezi kumsikia kila mmoja. Tena kuna suala la lugha. Tangu mwaka 1967 watoto katika shule za msingi za serikali wamekuwa wakifundishwa kwa Kiswahili, lakini wakiingia sekondari masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto wa Manzese ambaye mwezi Novemba alikuwa akijadiliana na wenzake bila woga, mwezi Januari ananyamaza kama aliyekatwa ulimi. Hana upungufu wa akili. Ananakili sentensi kutoka ubaoni kama mtu anayechora picha ya nyumba asiyoruhusiwa kuingia.

Na sababu ya tatu iko nyumbani mwetu. Mtoto akiuliza "kwa nini?", tunamwambia: "Una mdomo wewe!" Tunadhani tunamlea katika adabu. Lakini mtoto aliyezoea kunyamazishwa nyumbani ataanza kuuliza lini? Wahenga hao hao waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema pia kuuliza si ujinga. Kwa nini tumeishika methali ya kwanza na kuiacha ya pili?

Injili ya leo inaziunganisha methali hizo mbili. Yule kijana aliyewauliza walimu hekaluni ndiye huyo ambaye, katika aya ya 51, anashuka pamoja na wazazi wake hadi Nazareti na kuwatii. Swali halikuiondoa heshima, wala heshima haikulizima swali. Mama yake naye alikuwa mtu wa namna hiyo. Malaika Gabrieli alipompasha habari, Maria aliuliza jambo hilo litakuwaje. Akajibiwa, naye akaitikia kwa moyo wote. Tena hekaluni anamwuliza mwanaye kwa nini amewatenda hivyo, na mwanaye anajibu kwa swali. Nyumba ile takatifu haikuyaogopa maswali.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Si kila swali ni jema. Zakaria, baba wa Yohane Mbatizaji, naye alimwuliza malaika, akapigwa ububu. Kwa nini yeye aadhibiwe na Maria asiadhibiwe? Kwa sababu Zakaria aliuliza kwa kutosadiki, akitaka alama ndipo akubali. Maria aliuliza akitaka kujua namna ya kutii. Kuna kuuliza ili kuelewa, na kuna kuuliza ili kubisha, kumwaibisha mwalimu, au kuonekana mjuzi mbele ya wenzako. Mwanafunzi anayekatiza maneno ya mwalimu kila mara hasikilizi, sawa na yule anayesinzia. Mmoja amezibwa masikio na usingizi, mwingine amezibwa na majivuno.

Basi, kusikiliza kunakofaa ni kupi? Akina mama mtatusaidia. Mnapotaka kupika wali, mchele hamwutii chunguni kama ulivyotoka gulioni. Mnauweka katika ungo, mnapepeta, pumba zinaruka. Mnachambua, mnaondoa mawe. Mama mwenye busara hatupi mchele wote kwa sababu ameona jiwe moja, wala hapiki mawe pamoja na mchele kwa sababu muuzaji alikuwa mtu wa heshima. Kusikiliza kwa kupima ndiko huko. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime yote na kulishika lililo jema. Nao watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, walilipokea neno la Paulo kwa hamu kubwa, lakini kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Luka hawakemei kwa kumchunguza Mtume. Anawasifu kuwa ni watu waungwana.

Kanisa letu lina mwalimu mkuu wa jambo hili, Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Alipokuwa mwanafunzi wa Mtakatifu Alberto Mkuu, wenzake walimpa jina la ng'ombe bubu, kwa sababu alikuwa mnene na mkimya. Kumbe alikuwa akisikiliza. Baadaye, alipoandika kitabu chake kikubwa cha teolojia, alifuata utaratibu mmoja katika kila swali: kabla ya kutoa jibu lake, aliandika kwanza hoja za wale wanaopinga, tena kwa haki. Baada ya hapo ndipo alijibu, akizirudia hoja zile moja baada ya nyingine. Mtu hawezi kupinga asichokisikia, wala hawezi kukiamini sawasawa.

Na hapa petu, juu ya vilima vya Pugu, katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, alifundisha kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. Huyo ndiye Julius Nyerere, ambaye mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ya ualimu ili kuitumikia nchi, lakini jina la Mwalimu halikumwacha. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaja miongoni mwa mambo ambayo elimu inapaswa kumjengea kijana akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akikubali au kukataa kadiri ya mahitaji yake mwenyewe. Kwa Mwalimu, mwanafunzi wa kukariri tu alikuwa bado hajaelimika.

Ndugu wasikilizaji, huenda mwingine anajiuliza: kuna hatari gani mtoto asipojua kupima anayosikia? Atapata alama ndogo, basi. La hasha! Hatari ni kubwa kuliko mtihani.

Mnakumbuka mwaka 2009 jijini Dar es Salaam kulikuwa na mpango ulioitwa DECI, makao yake yakiwa Mabibo. Watu walialikwa "kupanda mbegu", yaani kutoa fedha, na kuahidiwa "kuvuna" nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Angalieni maneno yaliyotumika: kupanda, mbegu, kuvuna. Ni maneno ya Injili! Watu wengi waliyasikia maneno matakatifu, wakadhani kinachosemwa nacho ni kitakatifu. Walikosa mtu wa kuuliza swali moja jepesi: mbegu hii inapandwa katika shamba gani? Shamba halikuwepo. Fedha ya aliyeingia leo ndiyo iliyolipwa kwa aliyeingia jana. Serikali ikausimamisha mpango huo mwaka huo huo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Lakini watu walikuwa wamekwisha kupoteza akiba zao. Hatuyasemi haya kuwacheka waliopoteza. Tunayasema kwa sababu wengi wa watu wale walikuwa wamepita darasani, mahali ambapo kila siku waliitika "ndiyo, mwalimu".

Tumfikirie pia binti wa sekondari huko Chanika au Kongowe, anayetembea mwendo mrefu kwenda shule. Kila asubuhi mtu mwenye pikipiki anamwita kwa upole: "Panda, mdogo wangu, nikusogeze, sitaki hela yako." Kosa likitokea ni la mtu mzima yule, si la mtoto, na sheria inajua hivyo. Lakini tungependa binti yetu awe na ungo wake. Tungependa ajiulize: anayenipa bure, anataka nini? Maneno haya matamu yananipeleka wapi? Kama hajawahi kuruhusiwa kumwuliza swali mtu mzima yeyote, atamwulizaje huyu?

Na leo sauti zimeongezeka. Simu ya mkononi inaleta kila saa habari za miujiza, dawa zisizo na daktari, nabii wa jana na utajiri wa kesho. Katika somo la kwanza la leo Hana anamleta mtoto wake Samweli nyumbani kwa Bwana. Sura mbili mbele tunamwona Samweli huyo usiku akiitwa mara tatu, na mara tatu anakimbilia kwa mzee Eli. Alikuwa na masikio mazuri na miguu myepesi, lakini alikuwa bado hajajifunza kutambua sauti ni ya nani. Eli hakumfukuza wala kumwambia asimsumbue usingizini. Alimfundisha namna ya kuitambua sauti ile na namna ya kuiitikia. Kila mtoto anahitaji Eli wake, mtu mzima anayevumilia kuamshwa mara tatu.

Tufanyeje basi? Nchi yetu imewahi kujifunza kusikiliza pamoja. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa muda wa majuma kumi na mawili, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, mijini na vijijini, kusikiliza redio juu ya malaria, kichocho na magonjwa mengine. Lakini hawakusikiliza na kutawanyika. Kipindi kilipokwisha, walisomewa kijitabu juu ya mambo yale yale, wakajadiliana kama yanalingana na hali ya kijiji chao, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Kusikia, kusoma, kujadili, kutenda: hizo ndizo hatua nne. Ni mwaka huo huo Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA mjini Nairobi, walipoweka mkazo juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambamo waamini wangelisikia Neno la Mungu na kulitafakari pamoja.

Kwenu wanafunzi, tunawapa mambo manne ya kushika.

Kwanza, njooni darasani mkiwa na swali. Someni jana yake, japo ukurasa mmoja, hata kwa mwanga wa taa ya jirani. Anayekuja na swali hasinzii, kwa kuwa anasubiri jibu lake.

Pili, mwalimu anaposema, tofautisheni mambo matatu: analolisema, sababu anayoitoa, na mfano anaoutumia. Wengi hukumbuka mfano na kusahau jambo lenyewe, kama waliokumbuka ndege na miiba wakasahau kwamba mpanzi alikuwa akizungumzia mioyo yao.

Tatu, andikeni kwa maneno yenu. Mkirudi nyumbani, fungeni daftari, mmweleze mdogo wenu au bibi yenu kwa Kiswahili kile mlichofundishwa kwa Kiingereza. Mkiweza kueleza, mmeelewa. Mkikwama, mahali pale mlipokwama ndipo penye swali la kesho.

Nne, ulizeni kwa adabu. Semeni: "Samahani, mwalimu, hapa sijaelewa, naomba unieleze tena." Kumbukeni Mtume Tomaso, katika Yohane sura ya 14. Bwana alisema kwamba wanaijua njia aendako. Mitume wengine walinyamaza. Tomaso peke yake akakiri kwamba hawajui aendako, basi wataijuaje njia? Kwa swali lile la mwanafunzi mmoja, Kanisa lote lilipata jibu ambamo Yesu anajitambulisha kuwa yeye mwenyewe ndiye njia, ukweli na uzima. Huenda na swali lako linasubiriwa na darasa zima.

Kwenu wazazi: kila jioni badilisheni swali. Badala ya kumwuliza mtoto, "Umepata ngapi?", mwulizeni, "Leo umeuliza nini?" Na akiuliza jambo msilolijua, msimfokee. Luka anasema wazi kwamba Maria na Yosefu hawakuelewa jibu la Yesu, lakini Maria aliyaweka yote moyoni mwake. Kutoelewa si aibu kwa mzazi. Semeni, "Sijui, mwanangu, tutamwuliza mwalimu," na hapo mtakuwa mmemfundisha unyenyekevu ambao hakuna kitabu kinachoufundisha vizuri zaidi.

Kwenu makatekista, wenzetu katika shamba la Bwana: mnawaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara, na mnawakaririsha majibu ya katekisimu. Endeleeni, kwa sababu kilicho kichwani kinaweza kushuka moyoni siku ya shida. Lakini msiishie hapo. Mtoto akisha kulijibu swali kwa maneno ya kitabu, mwambieni, "Sasa nieleze kwa maneno yako." Na katika jumuiya zetu, baada ya Neno kusomwa, tusimwachie msemaji mmoja maneno yote. Naye kijana akituuliza jambo gumu juu ya imani, tusimwite mkaidi. Kijana aliyenyamazishwa na katekista wake ataenda kuuliza kwingine, na huko atajibiwa na mtu asiyempenda.

Ukweli hauogopi kuulizwa. Mwenye kuogopa swali ni mwongo, kwa sababu anajua mchele wake una mawe. Kristo, aliye Ukweli, aliketi katikati ya walimu akauliza, na katika utume wake wote akakubali kuulizwa na Nikodemo usiku, na mwanamke Msamaria mchana, na wadogo na wakubwa, hata na Pilato. Basi tusiwalee watoto wake katika hofu ya kuuliza.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mwanafunzi huko Nazareti na hekaluni, uwabariki watoto wetu wanaorudi shuleni. Uwape masikio yanayopima, ulimi wenye adabu, na moyo unaolishika lililo jema. Uwape walimu wao nguvu na subira. Utujalie sisi wazazi na walezi tuwe kama Eli, tusichoke kuamshwa. Na kama Maria, tuyaweke moyoni yale ambayo bado hatujayaelewa. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.

Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu, mtuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!